Bunduki ya kwanza, risasi za kuhesabu: nyongeza zipi zinalipa

Boksi moja la risasi za .22, zile ndogo za bunduki nyepesi, lina risasi 50. Hapa nitapima gharama kwa boksi kuliko kwa shilingi. Ukiwa Mtwara, shilingi utaipata tena korosho zikishapita mnadani, lakini risasi zina kibali, zina idadi, na muuzaji mwenye leseni tuliyemtegemea yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Kila kitu unachofunga kwenye bunduki mpya kinakula risasi mara mbili: kwanza za kuirudisha kwenye shabaha, halafu za kuhakikisha kwamba hukuharibu kilichokuwa kizima. Bei iliyobandikwa dukani haikuambii hilo.

Bunduki ninayoizungumzia ni Ruger 10/22, raifo ndogo ya nusu otomatiki iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1964. Ukivuta kifyatuo mara moja inatoka risasi moja. Msukumo wa ganda unairudisha nyuma boliti, kile kipande kizito cha chuma kinachoziba nyuma ya risasi, ganda linarukia kulia, kisha springi inairudisha boliti mbele ikiwa imechota risasi nyingine. Haina bomba la gesi wala kitasa kinachojifunga. Kazi yote inafanywa na uzito wa boliti na nguvu ya springi. Magazini yake ya kiwandani ni ya kuzunguka, inabeba risasi 10 na inazama ndani ya kitako bila kuchomoza. Haifiki kilo 2.5. Sidhani kama kuna raifo nyingine yenye nyongeza nyingi sokoni kama hii: unaweza kubadilisha kila kipande mpaka ikabaki namba tu. Hapo ndipo mwenye bunduki ya kwanza anapopotelea.

Na namba hiyo ndiyo ya kuanzia. Kibali kinataja aina ya silaha na namba yake, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kubahatisha. Kabla hujanunua chochote kinachogusa mtutu, kifyatuo au magazini, nenda polisi kwenye ofisi iliyokushughulikia kibali, uliza, upate jibu. Vipuri vya silaha haviagizwi mtandaoni kama kava la simu; mzigo utaishia forodhani, na wewe utaitwa kujieleza. Mkanda, darubini, kabati na vifaa vya kusafishia ni habari nyingine, lakini hata hivyo kuuliza hakugharimu kitu. Kuhusu kukata mtutu, kuufunga kizuia sauti au kuchezea kifyatuo ili bunduki imwage risasi mfululizo, hakuna la kujadili.

Jingine la kusema mapema: risasi ya .22 si ya nguruwe pori. Itamjeruhi, atakimbilia vichakani, na kesho yake atakutana na mtu asiye na habari. Nyani na ngedere wanaoshusha mabibo wana sheria yao; mwite afisa wanyamapori wa halmashauri. Bunduki hii tuliichukua kwa ajili ya kujifunza kulenga, na yote yanayofuata yanahusu hilo.

Miezi miwili ya kwanza usifunge kitu. Piga boksi nne, yaani risasi 200, ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na uwe na daftari. Andika tarehe, aina ya risasi, namba ya magazini (ziandike kwa rangi ya kucha chini ya kila moja: 1, 2, 3) na kila ilipokwama, ilikwamaje. Neno "imekwama" peke yake halitoshi, kwa sababu kila mkwamo una asili yake. Ganda likisimama wima kwenye mlango wa kutokea maganda kama bomba la jiko, aghalabu boliti haikurudi nyuma ya kutosha: risasi ni dhaifu, au kuna uchafu. Ganda likibaki ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kagua kwanza ule ukucha mdogo ulio mbele ya boliti unaolivuta; masizi na nta vikijaa chini yake haushiki. Risasi mpya ikigonga chini ya chemba na kupinda pua, itazame magazini. Kifyatuo kikilia "ta" bila mlio, bunduki iendelee kuelekea kwenye kinga, kile kilima cha udongo nyuma ya shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe risasi. Ukikuta alama ya pini ukingoni mwa kitako cha ganda, kosa ni la risasi. Risasi za .22 zina baruti ya kuwashia kwenye ukingo mzima wa kitako, na isipoenea sawasawa hutokea sehemu ambayo pini inagonga mahali patupu.

Daftari letu lilionyesha mikwamo 11 katika risasi 200. Tisa kati ya hiyo ilitoka kwenye magazini moja. Kabla ya kuhesabu, maneno yalikuwa mengi: tubadilishe springi ya boliti, tununue ukucha wa chuma kigumu, mtutu una kasoro. Kumbe ni magazini namba 3 na mchanga wa shambani. Udongo wa mikoroshoni ni mchanga mwepesi, na magazini ikiwekwa chini wakati wa kujaza huufyonza. Dawa yake ni kuiosha kwa mafuta ya taa kidogo, kuipuliza kwa pampu ya baiskeli, kuiacha ikauke kabisa na kuirudisha bila mafuta yoyote. Mafuta ndani ya magazini ni gundi ya mchanga. Usifungue ile skrubu ya mbele kama hujui kuikaza springi yake upya; ukiifungua inajizungusha na kulegea, na wengi huirudisha legelege.

Hiyo ndiyo nyongeza ya kwanza inayolipa: magazini ya pili na ya tatu za kiwandani, za risasi 10, kama kibali kinaruhusu. Zile ndefu za risasi 25 zinazopinda kama ndizi zinavutia macho, lakini zinakuzuia kulala chini vizuri, na zinakufanya umwage boksi zima kwa dakika mbili.

Ya pili ni risasi zenyewe. Watu hawaziweki kwenye hesabu ya nyongeza, ila zinabadilisha bunduki kuliko kipande chochote cha chuma. Risasi ya kawaida ina uzito wa greni 40, takriban gramu 2.6. Zenye kasi kubwa hutoka kwa mita kama 380 kwa sekunde. Za kasi ya wastani kama mita 325. Halafu kuna za polepole zaidi, zilizokusudiwa kutulia sauti. Boliti inategemea msukumo ule ule, kwa hiyo za polepole mara nyingi hazifiki kuirudisha nyuma, hasa bunduki ikiwa chafu. Tafuta aina tatu, nunua boksi moja moja, weka bunduki juu ya kiroba cha mchanga, piga makundi ya risasi tano tano kwa mita 50, kisha pima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Bunduki hii na risasi za kawaida, kundi la sentimita 4 hadi 6 ni la heshima. Aina moja itabana kuliko nyingine, na hakuna anayeweza kukutabiria ni ipi. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja haipendi chakula kimoja. Ukiipata, nunua hiyo hiyo kila safari. Zoezi hili lilikula boksi tatu, na sijutii hata risasi moja.

Sasa kutu, ambayo kwa watu wa pwani ya kusini ndiyo habari yenyewe. Mtu wa Dodoma anaweza kuruka sehemu hii.

Kuanzia Desemba mpaka Aprili hewa ya Mtwara, Mikindani na Lindi mjini ina maji na ina chumvi. Chuma kilichotiwa rangi nyeusi ya kiwandani hakijakingwa sawasawa. Rangi ile ni ngozi nyembamba inayoshika mafuta, na mafuta yakikauka hakuna kinga tena. Kutu haianzii unapopatazama. Inaanzia upande wa chini wa mtutu, ndani ya mfereji wa mbao, mahali usipopaona mpaka ufungue. Tulipofungua mwezi wa tatu tulikuta vipele vya rangi ya matofali kwenye urefu wa kidole, na juu bunduki ilikuwa inang'aa kama ya bwana harusi.

Kufungua si kazi ngumu, ila ina mitego miwili. Toa magazini, vuta boliti, chungulia chemba, ingiza na kidole. Kisha legeza skrubu ya pete iliyo mbele na skrubu moja kubwa iliyo chini ya kitako, mbele ya magazini. Kitufe cha usalama lazima ukisukume kikae katikati, kisizidi kulia wala kushoto, la sivyo hakitapita kwenye mbao na utapasua kitako ukilazimisha. Mtego wa pili ni wakati wa kuchomoa pini mbili za sehemu ya kifyatuo: pini ya tatu, ya nyuma, inayoizuia boliti, haishikwi na kitu. Inadondoka yenyewe. Fanya kazi hii juu ya sinia lenye kitambaa, ndani ya nyumba, si chini ya mwembe. Pini hiyo ikiangukia mchangani utaitafuta mpaka adhuhuri.

Kutu changa inatoka kwa mafuta na sufi laini ya chuma, ile nyembamba kabisa, ukisugua taratibu bila kukandamiza. Ukitumia msasa umeondoa na rangi. Baada ya hapo, sehemu zilizofichika ndani ya mbao zipakwe nta ya sakafu au ya gari, tabaka mbili, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Nta haichuruziki kama mafuta, inakaa miezi. Sehemu za nje zipakwe mafuta ya bunduki, tone moja kwenye kitambaa, na zifutwe kila baada ya kushikwa. Jasho lina chumvi kuliko hewa. Mafuta ya kupikia yaache jikoni: yanaganda, yanakuwa kama ulimbo, na boliti inachelewa.

Kabati la chuma ni la lazima kwa ajili ya usalama, lifungwe ukutani kwa bolti, na funguo zisikae juu ya mlango ambako watoto wote wanajua. Ila kabati lisilopumua kwenye mji wa pwani ni chungu cha kuchemshia kutu. Ndani weka punje za silika, zile za kunyonya unyevu zinazobadilika rangi, nusu kilo katika mfuko wa kitambaa. Zikibadilika rangi, zikaushe kwa moto mdogo mpaka zirudi ya mwanzo. Zile za buluu zina dawa ya kobalti, kwa hiyo sufuria utakayokaushia isirudi jikoni. Usiache bunduki ndani ya ala yake, iwe ya ngozi au ya sponji. Ala ni ya safari. Ngozi ina chumvi za kutengenezea ngozi, sponji inashika maji, na vyote viwili vinaichora bunduki ramani ya kutu.

Kuna kosa moja ambalo nadhani ni la kwetu peke yetu huku. Kati ya Mei na Agosti kila nyumba yenye mikorosho ina mifuko ya salfa stoo. Risasi ziliwekwa juu ya rafu chumba hicho hicho, kwenye boksi zake za karatasi. Baada ya majuma machache maganda ya shaba yalikuwa meusi kama sarafu ya zamani, na mengine yakawa na madoa yasiyofutika. Salfa na shaba havikai nyumba moja. Risasi zilizochubuka ukingoni hazikutumika. Karibu nusu boksi. Zilizobaki ziliwekwa kwenye debe la plastiki lenye mfuniko wa mpira, chumba kingine, chini ya kufuli yake.

Ukijumlisha nta, sufi, punje za silika, debe na kamba ya kusafishia, haifiki bei ya darubini ya ovyo. Kamba nayo ina sababu. Mwili wa bunduki hii hauna tundu nyuma, kwa hiyo ukitumia fimbo ya chuma itabidi uiingize kupitia mdomoni mwa mtutu. Fimbo inapochubua ukingo wa mdomo, hata kidogo, gesi inatoka upande mmoja kabla ya mwingine na risasi inaenda kando. Kamba yenye brashi unaidondosha kutoka kwenye chemba na kuivuta itokee mdomoni, mara moja au mbili, basi. Mtutu wa .22 hauhitaji kusuguliwa kila Jumapili. Chemba na uso wa boliti ndivyo vinavyochafuka.

Mbao nayo ni habari. Kitako cha mbao kinavimba masika na kusinyaa kipupwe, na kwenye muundo huu wa kawaida kuna ile pete inayoufunga mtutu na mbao pamoja. Mbao ikivimba, pete inauvuta mtutu. Bunduki iliyokuwa inapiga katikati Agosti, Machi ilipiga sentimita 5 kushoto kwa mita 50, risasi zile zile, darubini ile ile. Hapo tulipoteza boksi zima tukizungusha vitufe vya darubini, tukidhani ndiyo mbovu, mpaka pete ilipolegezwa na matundu yakarudi karibu na katikati.

Tiba ni ya siku mbili na senti chache. Toa bunduki kwenye mbao. Utaona vanishi ya kiwandani iko nje tu. Ndani ya mfereji na chini ya bati la kitako mbao iko uchi na inakunywa maji. Isugue kwa msasa mwepesi mfereji wote mpaka kipande cha karatasi kilichokunjwa mara mbili kipite huru kati ya mtutu na mbao, kuanzia mdomoni mpaka sentimita chache kabla ya mwili wa bunduki. Paka vanishi ya boti, ile wanayopaka mafundi mashua, tabaka tatu nyembamba, saa 24 kati ya moja na nyingine, usisahau mwisho wa kitako na tundu la skrubu. Pete unaweza kuiacha legelege au kuitoa kabisa. Mtutu umeshikwa na skrubu mbili kwenye mwili wa bunduki, hautaanguka. Skrubu kubwa ya chini ikazwe kiasi kile kile kila mara, kaza hadi ikatae kwa vidole viwili, na weka alama ya rangi uone ilipoishia.

Na kitako cha plastiki? Kama hujanunua bunduki bado, chagua chenye plastiki kutoka kiwandani na sehemu hii yote isahau. Kama umeshanunua ya mbao, vanishi inatosha. Kununua kitako kipya baadaye ni kulipa mara mbili.

Darubini ndiyo nyongeza kubwa, nayo iwe baada ya mbao na si kabla. Sisi tulitanguliza darubini, ndiyo maana lile boksi lilipotea. Zingatia mambo matatu. Kwanza, nunua iliyotengenezwa kwa risasi za .22, kwa sababu lenzi zake zimepangwa zione sawasawa kwenye mita 45 hadi 50. Za bunduki kubwa hupangwa kwa mita 90 na zaidi, na ukisogeza jicho kidogo ile alama ya msalaba inatembea juu ya shabaha. Pili, ukuzaji wa 2 hadi 7 unatosha kabisa. Ukikuza mara 12 utaona vizuri jinsi mikono yako inavyotetemeka, basi. Tatu, ringi (vikuku vinavyoishika darubini) na beisi (kipande kinachovibeba) nzuri ni bora kuliko lenzi nzuri.

Beisi inakaa juu ya mwili wa bunduki, na mwili huo ni aluminiamu, si chuma. Skrubu ya chuma inashinda uzi wa aluminiamu bila jasho. Skrubu moja ya kwetu ilikatika uzi kwa sababu fundi, mtu mzuri tu wa kurekebisha mashine za kusagia, aliikaza kama anafunga pampu. Shika spana ya pembe sita kwa upande wake mfupi, tumia vidole viwili, tia tone dogo la gundi ya skrubu ya buluu, subiri usiku mmoja. Ringi kaza kwa zamu kama unavyokaza nati za tairi, huku na kule, pengo la kushoto na la kulia lilingane.

Kuiweka kwenye shabaha: anza mita 25, kiroba mbele na kingine kidogo chini ya kitako. Piga tatu, pima katikati ya matundu matatu, usifuate tundu moja. Vitufe vya darubini nyingi husogea kwa mibofyo ya robo dakika ya nyuzi (dakika ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja). Kwa mita 25 mbofyo mmoja unasogeza risasi milimita 1.8, kwa mita 50 unasogeza milimita 3.6. Kundi likiwa chini kwa sentimita 4 ukiwa mita 25, ni mibofyo 22 juu. Piga tatu nyingine. Kisha rudi mita 50, piga tano, rekebisha, piga tano. Ukienda hivyo unamaliza kwa risasi 16 hadi 20. Ukibofya kila baada ya risasi moja utamaliza boksi na hasira juu.

Nyuma ya shabaha kuwe na kilima cha udongo laini kinachozidi kimo cha mtu. Risasi hii ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1.5, na kwenye maji, jiwe au ardhi ngumu inadunda na kupotea. Safu za mikorosho zinadanganya: zinaonekana hazina mtu mpaka mwisho, kumbe katikati kuna akina mama wanaokota. Kinga ya masikio na miwani vaeni wote mnaosimama hapo. Mlio wake unaonekana mdogo, lakini hufika desibeli 140 hivi, na sikio halioti tena.

Mkanda: nunua au shonesha. Wa kwetu ulishonwa na fundi viatu sokoni kwa utepe wa mkoba wa nailoni, shilingi 15,000, haunyonyi maji kama ngozi. Vishikio vyake vinataka matundu mawili kwenye mbao. Cha nyuma kikae kama sentimita 6 kutoka ncha ya chini ya kitako. Toboa kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, funga utepe kwenye keekee kuonyesha kina, paka skrubu sabuni ya mche ndipo uizungushe. Ukikosa sabuni, mbao itapasuka kwa urefu. Mkanda ukijua kuuzungusha kwenye mkono wa kushoto unakaza bunduki begani kuliko miguu miwili ya chuma wanayoiuza kwa bei ya mbuzi.

Mengine niyapite haraka. Kizuizi cha mpira badala ya ile pini ya nyuma kinapunguza mlio wa chuma kwa chuma, shabaha haiongezi. Mkono mrefu wa boliti haubadilishi kitu. Kifaa cha mdomoni cha kupunguza mtikiso kwenye .22 ni kuongeza kelele tu, bunduki yenyewe haimsukumi hata mtoto. Mtutu mnene wa shindano unapiga vizuri kweli, lakini unataka kitako kingine, unaongeza uzito, na unagusa silaha iliyoandikwa kwenye kibali. Kitasa kirefu cha kutolea magazini kina maana kama chako ni kile cha zamani, kifupi, na vidole vina jasho. Toleo la karibuni linakuja nacho tayari.

Kinabaki kifyatuo, na hapa ndipo wajuzi hawaafikiani. Cha kiwandani kinataka uzito wa kilo 2.5 hadi 3 kukivuta, kinakwaruza kidogo, na kuna seti kamili ya kampuni ile ile inayoshusha mpaka kilo 1.3 hivi, inaingia kwa pini mbili bila kusugua chochote. Shabaha inaboreka, sibishi. Lakini mtu ambaye bado anashtuka kabla ya mlio, kifyatuo chepesi kinamwahisha kushtuka. Zoezi la bure lipo: bunduki tupu, magazini nje, chemba imechunguzwa na watu wawili, risasi ziko chumba kingine, sarafu ya shilingi 200 imelazwa juu ya mtutu karibu na mdomo. Elekea ukuta wa mawe, vuta kifyatuo mpaka kilie bila sarafu kuanguka. Mara 20 kila jioni. Mwongozo wa Ruger unaruhusu kuvuta bila risasi kwenye bunduki hii. Raifo nyingine nyingi za .22 haziruhusu, pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu, kwa hiyo soma cha kwako kwanza.

Baada ya miezi mitatu ya sarafu, makundi ya mita 50 yalishuka kutoka sentimita 6 hadi 3 na nusu, risasi zile zile, kifyatuo kile kile kizito. Kwenye daftari, gharama ya mwaka mzima imefika boksi 14: nne za kuijua, tatu za kuchagua risasi, mbili za darubini, moja iliyopotea kwa ajili ya mbao, nusu iliyoliwa na salfa, zilizobaki za kulenga. Barua ya kuuliza kuhusu seti ya kifyatuo imeandikwa. Bado haijapelekwa polisi, sarafu haijaacha kuanguka.